Asubuhi Gari Lilikuwa Zima

Simioni hakuegesha kitu chochote bila kukielekeza mteremkoni. Gari la wagonjwa alilisimamisha likitazama bonde, na jiwe chini ya gurudumu. Baiskeli yake hivyo hivyo. Hata miaka ya mwisho, alipokuwa hana gari tena na anasomba samadi kwa toroli shambani kwake Susuni, kila alipotaka kupumzika aliigeuza toroli kwanza mpaka itazame chini, ndipo akaketi. Watoto wake walimcheka. Mokami, mkewe, alikuwa akiwaambia wageni kwamba kitanda chao kingekuwa na magurudumu wangelala wakichungulia bondeni.

Tabia hiyo aliipata kwenye gari la kituo chetu cha afya, na gari hilo ndilo lililomharibia jina. Simioni alifariki mwaka juzi, na mpaka anazikwa ndugu za mkewe walikuwa wanaamini kwamba mama mkwe wake alikufa barabarani kwa uzembe wake. Wengine walisema kwa makusudi yake. Alikuwa na maneno machache ya kujiokoa nayo, hakuyasema. Mokami ameniomba niyaandike mimi. Nilimuuliza kama ana hakika, akanijibu kwamba waliokuwa wa kuona aibu wote wawili wamekwisha kuzikwa, na waliobaki ni watoto wake, ambao wanatukanwa kisimani.

Kituo chetu kilikuwa Kebosongo, kwenye vilima vya upande wa Nyanungu. Nilipelekwa huko na serikali nikitokea Njombe, nikiwa muuguzi mwenye stashahada na masweta mengi, nikidhani kila penye vilima pana baridi. Simioni ndiye aliyekuja kunipokea Tarime mjini. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu alikuwa ananizidi miaka kama kumi, naye akaitikia, akapakia sanduku langu, na hakusema neno lingine mpaka tulipofika. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa na kiburi. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kazini, akakitumia kama alivyotumia dizeli, kwa safari za lazima.

Gari lenyewe lilikuwa refu, la dizeli, la zamani, lenye mlango wa nyuma wa kuingizia machela. Hendibreki yake ilikuwa imekufa kabla sijafika. Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mwingine. Asubuhi liliwaka kwa mguso mmoja. Ukilipeleka mbali likapata moto wa kutosha, halafu ukalizima, basi. Ulipiga stata, injini ikazunguka na kuzunguka bila kushika, mpaka uliache lipoe lenyewe. Likishapoa, linawaka tena kama si lile lililokutoa jasho. Nimesubiri sana kwenye uwanja wa hospitali ya Tarime, mgonjwa tumeshamkabidhi, Simioni ameegemea ukuta akilitazama gari kama mtu anayemsubiri mtoto aliyenuna.

Fundi wetu alikuwa Danford, kijana wa mjini Tarime aliyetengeneza magari ya ofisi nyingi. Alibadilisha betri. Alibadilisha stata. Alibadilisha chujio la dizeli. Kila gari lilipopelekwa kwake lilikaa kwenye foleni ya magari mengine mpaka likapoa, na zamu yake ilipofika likawaka vizuri. Danford akawa anamtania Simioni kwamba gari linamwogopa fundi. Mimi nilijua ugonjwa wa namna hiyo. Mama anakuja na mtoto aliyechemka homa usiku kucha mpaka akastuka mwili mzima, na asubuhi kwenye benchi langu mtoto huyo anacheka na anataka kalamu yangu. Chuoni tulifundishwa kumwamini mama. Mafundi hawakufundishwa kumwamini dereva.

Simioni naye alikuwa na maelezo yake. Aliamini kwamba mirija ya dizeli ikipata moto inaingiza hewa. Akaifunga kwa vipande vya gunia lililoloweshwa, akakaza kwa mpira wa tairi, na kila gari lilipokataa alifungua nati na kuanza kutoa hewa ambayo, kama tulivyokuja kujua, haikuwepo. Ugonjwa aliujua. Chanzo hakukijua, kama sisi wengine wote. Alichokuwa na uhakika nacho ni kwamba njiani gari halizimwi, na likizimwa, lizimwe juu ya mteremko.

Nyumbani kwao Mokami hapakuwa mbali na kituo. Mama yake, Bi Waisiko, alikuwa mjane mrefu, mnyoofu, mlimaji wa ulezi. Kwa Wakurya mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, na mambo ya mwili hayatajwi mmoja akisikia ya mwenzake. Wana neno lake, *ensoni*, ambalo nikijaribu kulifasiri napata heshima na aibu kwa pamoja. Vijana wa siku hizi wamelegeza. Hao wawili hawakulegeza hata kidogo. Bi Waisiko alipokuja kliniki kupima presha alikohoa getini, kikohozi kikavu cha kutoa taarifa, na Simioni, popote alipokuwa, aliweka chini alichoshika akaenda nyuma ya tangi la maji. Alikaa huko mpaka kikohozi kingine kisikike kwa mbali barabarani. Nilikuwa nacheka mwanzoni. Baadaye nikaona kwamba sijawahi kuheshimiana na mtu yeyote kiasi hicho.

Si kwamba hawakuwahi kukosana. Miaka mingi nyuma, baada ya ugomvi wa nyumbani, Bi Waisiko alimchukua Mokami akakaa naye msimu mzima wa kupanda, mpaka Simioni alipotuma wazee wakamwombee. Yaliisha. Lakini mahali kama Kebosongo hakuna jambo linalotupwa, linawekwa tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya Januari, jua kali, vumbi limekaa juu ya migomba kama unga. Joram, mtoto wa kiume wa Bi Waisiko, alimleta mama yake kwa pikipiki akiwa amembana katikati yake na jirani. Tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, hapitishi hewa wala choo tangu juzi yake. Modestus, mganga mfawidhi wetu, alimgusa kidogo tu akaandika rufaa. Alihitaji kupasuliwa Tarime, na mapema.

Dereva alikuwa mmoja. Simioni alimwita Modestus pembeni akamwomba amtafutie mtu mwingine wa kuendesha, hata wa kukodi. Modestus alikuwa mtu wa Bukoba, msomi, mwenye huruma yake, ila siku hiyo alimjibu kwa ukali kwamba utumbo uliojisokota hausubiri mila. Joram mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alimshika Simioni bega, akamwita mura, yaani kijana, kama wanaume wa Kikurya wanavyoitana.

"Mpeleke, mura. Leo hakuna mkwe hapa, kuna mgonjwa."

Mokami alikuwa Sirari siku hiyo, kwa binti yao aliyejifungua. Nilitundika kanga mimi mwenyewe kati ya viti vya mbele na machela. Simioni aliingia bila kugeuka nyuma, akakishika kioo cha kumwonyesha walioko nyuma, akakipindua kikatazama paa. Joram alitangulia kwa pikipiki ili akatafute ndugu wa kutoa damu, atusubiri kwenye geti la hospitali.

Tulikuwa tumekwenda nusu ya njia, tukiupanda mlima ule mrefu wenye mawe, Bi Waisiko aliponishika mkono. Alisema tumbo limeamka. Nilikuwa na beseni la wagonjwa, nikalisogeza chini yake na kumfunika vizuri. Akalisukuma kwa mguu. Alinong'ona kwamba yule hapo mbele atasikia. Nilimwambia gari lina kelele, hasikii. Nilimwambia ni mgonjwa, hakuna wa kumlaumu. Akawa analia bila sauti, jasho linamtoka, anajibana kwa nguvu ambayo mgonjwa wa vile hakutakiwa kuitumia. Mokami nilipomsimulia baadaye alitikisa kichwa, akasema, "Mama yangu alikuwa mtu. Watu wanaumwa tumbo. Angejua tu kwamba hilo halimpunguzii kitu." Lakini hakujua, au alijua na hakutaka. Aliniambia, "Mwanangu, nisife nimevuliwa heshima mbele ya mkwe wangu."

Nikagonga bati. Simioni aliuliza kupitia kanga, bila kugeuka, kama ni lazima, kwa sababu tuko mlimani.

"Simama, Baba Elia," nilimwambia, nikimwita kwa jina la mwanawe. "Simama, halafu uende mbali."

Hakuuliza tena. Alielewa haraka kuliko ningeweza kueleza. Lakini gari lisilo na hendibreki, mlimani, likinguruma bila mtu kwenye breki, lingelishinda jiwe na kurudi nyuma na sisi ndani yake. Kwa hiyo aliweka gia, akazima, akasukuma jiwe chini ya gurudumu, akaondoka kwa mwendo wa haraka kuelekea kwenye kona. Nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Kilichotoka kilikuwa kidogo, na cheusi. Nilimsafisha Bi Waisiko kwa maji ya dumu tulilobeba, nikamfunika, akanishukuru kwa Kikurya. Nikamwita Simioni. Alirudi, akaingia, akapiga stata.

Injini ilizunguka. Ilizunguka na kuzunguka. Haikushika.

Sikumsikia akitukana wala kulaumu. Aliliachia gari lirudi nyuma kwa gia ya rivasi akijaribu kuliwasha kwa mwendo, nami nimeikumbatia machela isigonge. Lilistuka, likakohoa moshi, likanyamaza. Akajaribu tena. Mteremko ukatuishia kwenye kalavati, mahali pa tambarare, gari likasimama kabisa. Akafungua boneti. Joto lililotoka humo nililisikia nikiwa nyuma. Akaanza kazi yake ya kutoa hewa, nati hii, nati ile, anapampu kwa kidole gumba, dizeli inamtiririkia viwiko. Aliporudi kupiga stata betri ilikuwa bado na nguvu, injini inazunguka kwa bidii, na haishiki.

Simu hapo bondeni hazishiki mtandao. Ilipita pikipiki moja imebeba mikungu ya ndizi. Tulimwomba mwenyewe apige simu kituoni akifika juu, na nadhani alipiga, lakini kituo hakikuwa na gari lingine la kutuma. Mgonjwa wangu hakuweza hata kukaa. Jua likatupiga. Niliongeza dripu, nikampepea kwa jalada la faili lake. Alianza kuongea na mumewe, aliyekufa zamani. Mapigo yakawa mepesi, halafu ya kutafuta, halafu nikawa natafuta bila kupata.

Niliposhuka, Simioni alikuwa amesimama mbele ya boneti, mgongo ameupa gari.

"Sista, mama anaendeleaje?"

Nilimwambia. Hakugeuka hata hapo. Alivua kofia, akaikunja, akaiweka juu ya injini, kisha akaitoa kwa sababu ilikuwa inaungua.

Tulikaa hivyo, yeye upande wake wa gari na mimi wangu, mpaka jua lilipopungua na upepo ukaanza kushuka kutoka vilimani. Aliingia kujaribu, nadhani kwa kukosa tu jambo jingine la kufanya. Liliwaka kwa mguso mmoja.

Kwa hiyo ndiye aliyemrudisha nyumbani, na kanga bado imetundikwa kati yao.

Joram alikuwa amesimama kwenye geti la hospitali tangu mchana na ndugu watatu waliokunja mikono ya mashati tayari kutoa damu. Habari ilimfikia kwa simu. Siwezi kumlaumu kwa yaliyofuata. Mtu aliyengojea vile lazima amtafute aliyemfanya angoje.

Kesho yake asubuhi Modestus alimwita Danford. Danford alifika na begi la spana, akaingia, akageuza ufunguo. Gari likawaka. Akazima, akawasha tena, likawaka. Wauguzi, wagonjwa, watu wa msibani, wote tulikuwa tumesimama uwanjani. Simioni alimwomba kwa upole alipeleke mbali, alipeleke mpaka Susuni na kurudi, lipate moto kwanza, ndipo azime. Danford alilizungusha kwenye kiwanja cha mpira, akarudi, akazima, akawasha. Likawaka.

"Mzee, gari zima hili," alisema, akifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka. "Labda dereva ndiye wa kufunguliwa boneti."

Watu walicheka, hata siku ile ya msiba. Modestus aliandika alichokiona, kwamba gari limejaribiwa na halina hitilafu. Alikiona kweli. Nilimweleza kwamba mgonjwa ndiye aliyeomba tusimame. Akaniambia hilo ni la familia, nikaliseme kwenye kikao chao kama nitaitwa.

Niliitwa. Kikao kilikuwa baada ya mazishi, nyumbani kwa marehemu. Simioni hakuwa ameruhusiwa kufika kaburini. Ng'ombe aliyempeleka msibani, kama mkwe anavyopaswa, alirudishwa na kamba yake shingoni. Siku ya kikao walimweka kwenye kigoda karibu na zizi, peke yake. Mokami, aliyekuwa amerudi kutoka Sirari akakuta mama yake ameshawekwa ndani ya jeneza, alikaa na wanawake na hakumtazama.

Joram alianza taratibu. Aliuliza kama gari lilizima lenyewe. Simioni alisema hapana, alilizima yeye.

"Unalijua gari lako kwamba likizimwa njiani haliwaki?"

"Nalijua."

"Na ukalizima."

"Nililizima."

"Mama yangu yuko nyuma anakufa. Kwa nini, mura?"

Simioni alitazama mikono yake. Mzee mmoja aliuliza kama ilikuwa ni lile la msimu wa kupanda, kama alikuwa analipiza. Alikana kwa kichwa. Kimya kikawa kirefu, kikaanza kuwa jibu. Ndipo mtu mmoja nyuma, sikumjua, akasema kwa dhihaka maneno ambayo kondakta wa basi huwaambia abiria wenye haja, "Labda alishuka kuchimba dawa."

Kicheko kikapita. Nilianza kusimama. Nilishafungua mdomo kusema kwamba si yeye aliyetaka kushuka, na Simioni akaniwahi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo.

"Ndiyo," alisema. "Nilibanwa. Nilishuka kuchimba dawa. Sista alikuwa nyuma na mgonjwa, hajui kitu."

Niliwaambia sivyo. Nilisema mgonjwa alikuwa na shida yake, na mimi ndiye niliyegonga bati. Ningeendelea, lakini Simioni alinitazama, na Joram akaniuliza, kwa heshima ya kuchoka, ni shida gani. Wazee wote walikuwepo, wakwe wote, wajukuu. Mokami alikuwa ameinua uso. Simioni aliwaambia, safari hii kwa Kikurya, na jirani yangu akanifasiria, kwamba muuguzi ni mgeni, ana moyo mzuri, anataka kumwokoa mtu wa kazini kwake. Nikaonekana mwongo mwema. Sikupata nafasi nyingine.

Joram alisimama mbele yake. Hakumpiga, ingawa vijana walishasogea.

"Mama yangu amekufa kwa sababu ya mkojo wako," alisema. "Usikanyage hapa tena. Na anayelala kwako asikanyage."

Aliyelala kwake alikuwa Mokami. Alitoka hapo nyuma ya mumewe, kwa umbali, na hajarudi nyumbani kwao mpaka leo hii ninapoandika.

Kazini alitolewa mwezi uleule. Hakukata rufaa. Walihamia Susuni, kwenye shamba la marehemu baba yake, wakalima mahindi na mihogo. Mokami nilimfuata huko mimi mwenyewe nikamwambia yote, hadi beseni, hadi masikio yaliyozibwa. Alisema alijua tangu alipotajiwa mahali tuliposimama, kwa sababu hakuna dereva anayechagua mlima ule kwa haja yake. Alimwomba mumewe amruhusu akamwambie kaka yake peke yake, chumbani. Simioni alimjibu kwamba siku mama yake atakapotajwa kwa jambo hilo mdomoni mwa mtu, yeye atafunga nguo zake aondoke. Hawakuzungumza tena juu yake. Waliishi vizuri, Mokami anasema, kama watu wanaoishi na jiwe katikati ya chumba na wamezoea kulizunguka.

Mwaka wa pili tangu hapo tulipelekwa Mugumu kwenye mafunzo ya chanjo, kwa gari lilelile. Dereva mpya alikuwa Emanueli, na Danford aliomba lifti kwa sababu alikuwa na gari la kuliangalia huko. Safari ni ndefu na barabara ile ina joto lake. Karibu na Manchira, Emanueli alisimama kununua samaki waliovuliwa bwawani, akazima. Aliporudi, injini ilizunguka, ikazunguka, haikushika.

Nilibaki kwenye kiti changu. Nilimtazama Danford.

Alishuka akicheka. Alikagua nyaya, akakagua mirija, akapiga stata yeye mwenyewe, tena na tena, na kicheko kikapungua. Mwishowe aliweka kiganja juu ya pampu ya dizeli akakiondoa haraka. Alifikiri kidogo. Akamtuma Emanueli bwawani na ndoo ya yule muuza samaki, akaimwagia pampu maji polepole, yakichemka na kuruka mvuke, mpaka yakawa yanateremka bila kelele. Akageuza ufunguo. Gari likawaka.

Alinieleza bila kunitazama. Pampu imelika ndani. Ikiwa ya baridi dizeli ni nzito, inasukumwa vizuri hata kama pana mwanya. Ikipata moto dizeli inakuwa nyepesi kama maji, inapita kwenye mwanya huo, na kwa mzunguko wa stata peke yake haipati nguvu ya kufika kwenye injini. Ukiipoza, inashika. Kisha akasema kwamba mzee wa watu alimwambia alipeleke mpaka Susuni, na yeye akalipeleka kiwanja cha mpira.

Niliporudi sikupita nyumbani. Nilishukia Susuni, nikamkuta Simioni anapalilia mihogo. Alikuwa amekonda na kifua kilishaanza kumsumbua. Nilimwamkia, tukakaa ukingoni mwa shamba, nikamweleza ya Manchira mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimebeba habari hiyo kama mtu aliyebeba dawa. Nilidhani atafurahi.

Aliniuliza kwanza, "Kwa hiyo haikuwa hewa?"

Nilisema haikuwa hewa.

"Maji tu?"

"Maji tu. Juu ya pampu."

Niliona anarudi kule kwenye kalavati, anafungua nati, anatoa hewa isiyokuwepo, jua linapanda. Nilichelewa kuelewa kilichokuwa kinamjia, mpaka aliposema kwa sauti ya chini kwamba dumu lilikuwa na maji. Nilisema ndiyo, lakini hakuna aliyejua, hata Danford hakujua. Akasema lilikuwa nyuma, miguuni pa mama, na hata angejua asingeingia nyuma kulichukua, angeniomba mimi. Kisha akasema angeniomba. Alirudia hilo, kama mtu anayejaribu kama mlango umefungwa kweli.

Sijui kama Bi Waisiko angepona. Nimeona wengi wa namna ile wakifia mezani, daktari ameshika kisu. Nilimwambia hivyo, akaitikia kwa adabu, kama nilivyozoea kuitikiwa na wafiwa.

Nilimwambia pia nilichokuja nacho. Kwamba Danford yuko tayari kusema mbele ya Joram kwamba gari lilikuwa bovu. Kwamba nikienda naye, sasa nitaaminika, na nitasema yote, kwa nini tulisimama na nani aliyeomba. Joram angeinua marufuku yake. Mokami angekwenda kuliona kaburi la mama yake. Watoto wangekuwa na wajomba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alichuma jani la muhogo akalikunja mara nyingi mpaka likabaki kipande kidogo. Kisha akasimama, akanisindikiza mpaka barabarani, na pikipiki yangu ilipokuja akamwambia dereva aende polepole. Nilikuwa nimeshapanda aliponijibu.

"Ya pampu waambie, wasije wakampakia mgonjwa mwingine humo. Ya kusimama nilishayasema mwenyewe, sista."